Injini Mbili Zilizoitwa 235

Kilichonipotezea miezi saba ni tarakimu moja tu, 2, iliyotokeza kwenye chuma ubavuni mwa injini, chini ya oili iliyogandamana na vumbi. Niliiona siku ileile niliyoinunua injini. Niliipapasa hata kwa kidole. Sikujua inaniambia nini, na sikuuliza.

Gari langu ni Chevrolet ya 1951, ya milango minne, gia tatu za mkono, kijiti chake kikiwa ubavuni mwa usukani. Injini iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa silinda sita za mstari mmoja, ya inchi za ujazo 216. Nilipoipata gari ilikuwa inatembea, lakini kila nilipoondoa mguu kwenye mafuta nilisikia mlio mzito ukigonga chini, mlio wa konrodi iliyoachia, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini. Kwenye injini nyingi mlio huo una dawa ya kawaida: unafungua sampo, bakuli la oili chini ya injini, unatoa beringi zilizokwisha, unaweka mpya. Kwenye 216 hakuna beringi ya kutoa. Madini laini yaitwayo babiti yamemiminwa moja kwa moja ndani ya konrodi, kisha yakachongwa kwa kipimo. Yakiisha, konrodi inamiminwa upya na kuchongwa upya, na mikono inayoijua kazi hiyo imebaki michache.

Kuna jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Pampu ya 216 haipeleki oili kwenye konrodi kwa kupitia ndani ya krenki. Inalisha meni beringi, zile zinazoibeba krenki, na kemushafti, shafti inayoendesha valvu. Konrodi zinajitegemea: kila moja ina kijiko kidogo kwenye kofia yake, na ndani ya sampo kuna vihori vyenye oili. Krenki ikizunguka, kijiko kinachota. Mwendo ukiongezeka, vijito vya oili vinarushwa kulenga vile vijiko. Presha yote kwenye geji ni kama pauni 14 kwa inchi ya mraba. Sitaisema vibaya injini hii. Ilitengenezwa kuanzia 1937 hadi 1953, ikabeba watu na mizigo bila kulalamika, na ukiiendesha kwa mwendo wa barabara za enzi zake inadumu. Mimi nilitaka gari la kusafiri nalo mbali, saa nne au tano mfululizo, kwa mwendo wa barabara za leo.

Wenye magari haya wamezoea kulimaliza tatizo hilo kwa 235 ya lori, yaani injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 235. Nililisikia neno hilo kila nilipouliza, nami nililipenda kwa sababu nzuri. 235 ni ndugu wa tumbo moja na 216. Ukoo wao ulianza 1929, na watu wakauita wa bolti za jiko kwa sababu bolti zake zilifanana na zile za majiko ya chuma. Bel hausingi ya gari langu, nyumba ya chuma iliyo kati ya injini na giaboksi, inakubali 235 bila kutoboa chochote. Jambo hilo ni la lazima, maana Chevrolet za abiria hadi 1954 zina propela iliyofungiwa ndani ya bomba lililoshikana na giaboksi; ukianza kubadilisha giaboksi, umeanza kubadilisha gari zima. Na ukifunga 235, ukafungua boneti, mtu anaona injini ya gari lile. Hilo lilikuwa na uzito kwangu. Sikutaka gari la 1951 lenye kitu cha kigeni tumboni.

Basi nikaenda kutafuta 235 ya lori, nikaipata mapema mno. Lori lilikuwa limekatwakatwa, chesisi imeshauzwa, injini imekaa juu ya matairi mawili. Kadi ya lori ilisema 1955. Muuzaji aliniambia ni 235 na alisema kweli. Nilikuwa nimesoma kwamba 235 za kuanzia 1954 zina presha kamili: oili inapita ndani ya krenki hadi kwenye kila konrodi, na beringi ni za vipande vinavyobadilishwa. Lori la 1955, injini ya 235. Hesabu ilinitosha. Nikazungusha flaiwili kwa mkono, ikazunguka, nikalipa.

Wiki iliyofuata niliipindua kwenye stendi nikafungua sampo. Kitu cha kwanza kuona kilikuwa vihori. Kisha vile vijiko sita, kimoja kwa kila konrodi, vimekaa kwa mpangilio kama vilivyokaa kwenye injini ileile niliyokuwa naikimbia. Nilikaa chini sakafuni. Nilikuwa nimenunua ugonjwa uleule, mkubwa zaidi kwa inchi za ujazo 19.

Fundi niliyemwita ni mzee ambaye ujana wake wote ulipita chini ya malori haya. Hakuitazama sampo kwa muda mrefu. Alichukua brashi ya waya na mafuta ya taa, akasugua ubavu wa kulia karibu na stata, akaniita.

“Soma hapo, mwanangu.”

Nikasoma: H 9 2.

“H ni herufi ya ngapi?”

“Ya nane, mzee.”

“Mwezi wa nane, tarehe tisa, mwaka unaoishia na mbili. Lori ni la 55, sawa. Hii ilisubiwa 52. Kuna mtu aliua injini ya lori lake akaweka hii. Wewe uliuliza habari za lori, hukuuliza habari za injini.”

Neno hilo nimetembea nalo tangu siku ile. Kadi ni ya chesisi. Mlango ni wa kebini. Lori lililofanya kazi miaka 30 huenda limebeba injini tatu, na zote zikaingia vizuri kwa sababu ni ukoo mmoja. Wepesi ule wa kubadilishana niliokuwa naushukuru ndio huohuo ulionipiga.

Na jina la 235 lenyewe ni pana kuliko nilivyodhani. Liliingia kwenye malori makubwa 1941, na 235 hizo zilikuwa za vijiko na babiti, sawa na 216. Mwaka 1950 likaingia kwenye magari ya abiria yenye giaboksi ya Powerglide inayojibadili yenyewe. Mwaka 1953 zile za Powerglide zikapewa presha kamili, na mwaka huohuo Corvette ya kwanza ikatoka na 235 ya nguvu za farasi 150. Malori makubwa ya 1953 yalikuwa bado na vijiko. Mwaka 1954 ndipo 235 zote, za magari na za malori, zilipokuwa za presha kamili, na za malori zikaendelea hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kipimo cha silinda hakikubadilika muda wote huo: upana inchi 3 na 9/16, mwendo wa pistoni inchi 3 na 15/16. Mtu akikuambia “ni 235” amekuambia ujazo. Hajakuambia chochote kuhusu oili, na oili ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Ile tarehe ya kusubu nimekuja kuipenda kuliko alama nyingine zote. Iliwekwa kwenye kalibu kabla chuma hakijamiminwa: herufi ni mwezi, A ni Januari na L ni Desemba, ikifuatiwa na siku, kisha tarakimu moja ya mwaka. Hakuna anayeweza kuifungua kwa spana akaihamishia kwingine. Ina upungufu mmoja, kwamba tarakimu moja haisemi muongo. 2 yaweza kuwa 1942, 1952 au 1962. Hapo unaangalia umbo. Kava ya valvu iliyoshikwa na nati mbili katikati, juu kabisa, ni ya zamani; kuanzia 1954 kava inashikwa na skrubu nne pembezoni. Kava ya ubavuni, inayoficha pushirodi, fimbo zinazosukuma valvu, ikiwa ndefu hadi kupanda juu ya hedi, kichwa cha injini kinachofunika silinda, na kuzizunguka plagi, uko kwenye 216 au kwenye 235 za mwanzo. Ile ya presha kamili inaishia chini ya hedi. Injini yangu ya kwanza ilikuwa na nati mbili katikati. Nilizifungua mwenyewe kwa mikono yangu na bado sikuelewa.

Nyuma ya stata, ubavu huohuo wa kulia, kuna namba ndefu ya tarakimu saba iliyosubiwa pia. Ile ni ya bloku yenyewe, inayosema ni bloku ya aina gani. Na karibu na distribyuta kuna kiwanja kidogo kilichosawazishwa kwa mashine ambapo kiwanda kiligonga namba ya injini kwa nyundo na herufi za chuma. Hiyo ya kugongwa ni nzuri ikiwepo, lakini kiwanja hicho nimekikuta kitupu kwenye bloku zilizouzwa kama vipuri, na nimekuta vingine vimesagwa. Mimi naanza na zilizosubiwa.

Hedi nayo ina namba yake, na watu huitafuta kwa hamu ile inayoishia 848, hedi ya kuanzia 1956 yenye mgandamizo mkubwa zaidi. Nimesikia watu wakitambua injini nzima kwa hedi hiyo. Hedi inashikwa na bolti. Kabureta inashikwa na bolti, kava inashikwa na bolti, na rangi haishikwi na kitu chochote. Nimeona injini ya vijiko imepakwa rangi mpya ya kijivu, ikang'ara kama ya maonyesho.

Kabla ya kupata ya pili nilipita kwenye kishawishi kimoja cha kueleza. Jamaa yangu alikuwa na GMC ya 270, aina iliyokuwa kwenye malori ya jeshi la Marekani ya CCKW, yaliyotengenezwa zaidi ya 500,000 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa macho ni silinda sita ya mstari, yenye valvu juu, ya kampuni mama ileile, na ina presha kamili tangu zamani. Upana wa silinda inchi 3 na 25/32, mwendo wa pistoni inchi 4 kamili. Ni injini ya heshima na waliokuwa wakishindana mbio baada ya vita waliijua. Lakini ni ukoo mwingine. Ni ndefu kuliko Chevrolet, na urefu huo unaulipa kwa rejeta au kwa ukuta wa mbele wa kebini. Niliipima mara mbili kwa futi ya chuma, nikaiacha. Mwingine aliniletea 292 ya lori akiiita “ileile ya zamani”. Ile ilitoka 1963, ina meni beringi saba wakati 235 ina nne, na haina undugu wa bolti na gari langu.

Injini ya pili niliikuta kwenye banda la mashine za shamba. Safari hii nilienda na brashi ya waya, chupa ya mafuta ya taa, tochi na daftari. Kava ya ubavuni fupi. Skrubu nne pembezoni mwa kava ya valvu. Tarehe ya kusubu ilisomeka vizuri: D 14 8. Aprili 14, 1958. Presha kamili bila shaka yoyote. Muuzaji alisema 235, mimi nikaona 235, moyo ukatulia. Ile namba ndefu ya nyuma ya stata nilisugua ikaonekana nusu, giza lilikuwa linaingia, nikaiacha. Nilikuwa nimejifunza kuuliza umri, nikadhani umri unatosha.

Hedi yake ilikuwa imepasuka kati ya viti vya valvu kwenye silinda mbili, ugonjwa unaojulikana wa hedi hizi. Hilo halikunisumbua, nilishapata hedi nzima yenye 848, imepimwa nyufa na kuchongwa. Nikanunua gasketi ya 235, nikasafisha uso wa bloku hadi uking'aa, nikailaza gasketi ili nione tu.

Haikukaa.

Matundu ya bolti yalilingana. Njia kubwa za maji zililingana. Lakini miduara ya silinda ya gasketi ilikuwa midogo, ukingo wake wa chuma ukichungulia ndani ya silinda pande zote. Na kwenye uso wa bloku, kati ya silinda na silinda, palikuwa na vitundu vidogo ambavyo gasketi haikuwa na habari navyo. Iliviziba kabisa. Niligeuza gasketi juu chini. Niliilaza tena. Kisha nikafanya ambalo ningefanya tangu mwanzo: nikachukua vernia kalipa, nikapima upana wa silinda juu ya ukingo ulioachwa na ulaji wa ringi, mahali ringi hazijafika. Milimita 96.

235 ya kiwandani ni milimita 90.5. Ukiichonga mara ya mwisho inayokubalika kwa kawaida, inchi 0.060 zaidi, unafika milimita 92. Hakuna namna ya kistaarabu ya kuifikisha 235 kwenye 96. Lakini iko bloku inayoanzia inchi 3 na 3/4, yaani milimita 95.25, na ukiichonga mara moja kwa inchi 0.030 unafika 96 barabara. Ni 261.

Nilikuwa nimesoma kuhusu 261 na kuipita haraka kwa sababu sikutegemea kuiona. Chevrolet waliitoa 1954 kwa malori mazito, nguvu za farasi 135, wakaiita Jobmaster, ikaendelea hadi 1962. Kwa nje inafanana na 235 ya miaka hiyo kiasi kwamba mtu anaweza kuishi nayo miaka 20 bila kujua. Hata ukipima mwendo wa pistoni hutapata kitu: ni inchi 3 na 15/16, sawa na 235. Mwendo wa pistoni unakutenganishia 216, ambayo ni 3 na 3/4, lakini hautenganishi hawa wawili. Tofauti iko kwenye upana wa silinda, na kwenye ile namba ndefu niliyoiacha gizani. Nilirudi kuisugua hapo hapo, nikailinganisha na orodha. Ilikuwa inasema 261 muda wote.

Furaha niliyoipata saa hiyo siwezi kuificha. Kanada, 261 iliwekwa hata kwenye Pontiac za abiria kuanzia 1955, kwa hiyo nilijua inakaa kwenye gari la aina yangu bila vurugu. Na furaha hiyo ndiyo nusura iharibu kila kitu. Nilitaka kuendelea. Nilikuwa na hedi nzuri, bolti zinalingana, nikafikiri: nitatafuta gasketi yenye miduara mipana, na vile vitundu si vikubwa, vikizibwa na hedi ya 235 maji yatapita kwingine.

Mzee alikuja jioni, nikamweleza mpango wangu. Alikaa kimya, kisha akaweka kidole katikati ya silinda mbili.

“Hapa maji hayapiti,” akasema. “Walipopanua silinda, kuta zimegusana. Zimeshikana mbili mbili. Hapa katikati ndipo moto mkali, na mvuke unapanda hapa hapa. Hivi vitundu ni pua ya injini, ndipo inapotolea mvuke. Ukiziba, mvuke utakaa chini ya hedi. Geji yako ya maji itakuambia uko salama, na hedi itakuwa inapasuka.”

Nimeipima kauli hiyo kwa kila nilichosoma baadaye na ni hivyo hivyo. Hedi ya 261 ina vitundu vinavyolingana na vya bloku, na gasketi yake ina vitundu. Hedi ya 235 haina. Ukitaka kuitumia juu ya 261 lazima itobolewe, na kielelezo cha kutobolea ni gasketi ya 261 yenyewe: unailaza kwenye hedi, unapachika bolti ziilinganishe, unaweka alama, unatoboa kwa mashine iliyosimama wima, si kwa mkono. Tulifanya hivyo. Nilisimama pembeni nikihesabu kila tundu mara mbili dhidi ya bloku. Nadhani watu wengi waliosema 261 inachemka hovyo walikuwa na injini iliyozibwa pua, na waliofunga hedi hawakujua kwamba wanafunga 261.

Kuiingiza ndani ya gari hakukuwa rahisi kama maneno “inaingia palepale” yanavyofanya isikike. Bel hausingi, ndiyo. Flaiwili ya lori ilikuwa kubwa, ya mfumo wa volti 12, meno 168. Gari langu ni la volti 6 na stata yake inataka meno 139, kwa hiyo flaiwili ya 216 yangu ilirudi kazini, baada ya kuchongwa uso na kuwekewa klachi mpya. Wota pampu ilikuwa kisa kingine. Bloku za kuanzia 1955 zinatumia pampu fupi inayokaa juu zaidi, na gari la 1951 linategemea pampu ndefu ya zamani na feni iliyo chini, katikati ya rejeta. Kuna bamba la kuunganishia lililotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, linafungwa kwenye bloku mpya na kuipokea pampu ya zamani. Nawashauri wenye magari ya kabla ya 1955 wasijaribu kukwepa bamba hilo kwa kuhamisha rejeta.

Kilichonila siku tatu ni bamba la mbele, lile la chuma lililo kati ya bloku na kava ya taimingi, ambalo linabeba mauntingi za mbele. La lori halikulingana na chesisi yangu. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Kava ya taimingi ina bolti mbili zinazoingilia kutoka ndani, na hazifikiki hadi sampo itoke. Nikatoa sampo. Kisha bamba lenyewe limekaa nyuma ya gia ya kemushafti, na gia hiyo imepigwa presi juu ya shafti, haitoki kwa bolti. Unaizungusha hadi matundu mawili ya gia yaelekee skrubu za nyuma yake, unapitisha bisibisi humo, unazilegeza, kisha unachomoa kemushafti yote pamoja na gia yake, ikiwa tapeti zimeshatolewa. Injini ikiwa nje, imesimama kwenye stendi, inafanyika. Ikiwa ndani ya gari ni mateso. Anayenunua injini ya lori kwa ajili ya gari dogo abadilishe bamba hilo kabla ya kufunga kitu kingine chochote. Mimi nilikuwa nimeshafunga hedi, pushirodi na rangi.

Siku ya kuiwasha mzee alikuja na geji yake ya oili, ya shaba, yenye mpira mfupi. Sikuelewa kwa nini, kwa kuwa ya dashibodi ilikuwa inafanya kazi. Injini ilishika kwa mzunguko wa tatu wa stata, ikatulia kwa mlio mnene ambao 216 haikuwahi kuutoa. Nikatazama dashibodi. Mshale wa oili ulipanda ukapita katikati, ukaenda hadi mwisho wa kulia, ukagota ukabaki hapo. Nikazima injini papo hapo nikidhani nimeziba njia fulani.

Mzee alikuwa anafunga geji yake taratibu. “Washa.”

Ya kwake ilisoma 42. Geji ya gari langu inaishia pauni 30, kwa sababu ilitengenezwa kwa injini ya pauni 14. Haikuwa imewahi kuombwa kuonyesha zaidi ya hapo. Nimeiacha ilivyo. Mshale unagota kulia kila asubuhi, injini ikipata moto unashuka kidogo tu, na geji ya kweli nimeificha chini ya dashibodi.

Ile ya kwanza, ya H 9 2, ilikaa chini ya turubai karibu miaka miwili. Nilikuwa nimefikiria kuiuza kama chuma chakavu, mzee akanizuia. Kisha akaja mtu mwenye lori kubwa la Chevrolet la 1952, lililosimama tangu injini yake ipasuke bloku kwa barafu, anayetaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Hakuniuliza injini ilitoka kwenye lori gani wala kadi ilisema nini. Alivua koti, akalala kando ya ubavu wa kulia wa injini na tochi mdomoni, akasugua kwa kitambaa chake mwenyewe. Nikamsikia akisoma kwa sauti ya chini, herufi, siku, mwaka. Akatoka chini uso umejaa oili, akaniuliza kama namwamini na mashine yangu ya kunyanyulia.